Undugu wa Kusini Upimwe kwa Mizani ya Mkulima wa Mitole

Hakuna neno lililozoeleka katika kumbi za mikutano ya kimataifa kama neno ushirikiano. Kila mwaka, tarehe 12 Septemba, Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya ushirikiano wa nchi za Kusini, kwa kukumbuka siku ambayo wajumbe wa nchi 138 waliokutana Buenos Aires mwaka 1978 walipitisha mpango wa nchi zinazoendelea kusaidiana katika ufundi. Hotuba husomwa, mikono hupeanwa, picha hupigwa. Lakini katika kata ya Mitole, wilayani Kilwa, ushirikiano huo haujulikani kwa hotuba. Unajulikana kwa gunia la korosho ghafi linalotoka shambani, likapimwa, likaandikiwa stakabadhi, likapelekwa ghalani, kisha likavuka bahari. Swali linalowapasa watumishi wa umma na walimu wa nchi hii kujiuliza ni hili: gunia hilo linapotoka katika nchi moja maskini kwenda katika nchi nyingine iliyotawaliwa na mabeberu walewale, je, huo ni undugu, au ni unyonyaji wa zamani uliobadili bandari?

Mkorosho wenyewe ni mwana wa Kusini. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazil. Wareno waliusafirisha katika karne ya 16 wakaupanda katika pwani ya India na katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mti mmoja umeyaunganisha mabara matatu kwa zaidi ya miaka 400. Hata hivyo, watu wanaoishi kwa mti huo hawajuani. Mkulima wa Mitole hamjui mama anayebangua korosho katika mji wa Kollam, jimbo la Kerala nchini India. Wala mama huyo hamjui fundi wa mashine wa eneo la Bình Phước nchini Vietnam. Wala fundi huyo hamjui mkulima wa jimbo la Ceará nchini Brazil. Anayewajua wote ni mfanyabiashara wa kati, na kujua kwake ndiko mtaji wake mkubwa kuliko fedha zilizomo benki.

Hebu zitazamwe hesabu. Katika msimu wa 2017/2018 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 310,000 za korosho, na sehemu kubwa kabisa ya mavuno hayo ilipakiwa melini ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Korosho ghafi inapobanguliwa, kiini kinachopatikana hakizidi robo ya uzito wake. Maana yake ni kwamba katika kila tani nne zinazopakiwa katika bandari ya Mtwara, karibu tani tatu ni maganda. Nauli ya maganda hayo kuvuka Bahari ya Hindi hailipwi na malaika. Imo ndani ya bei anayopewa mkulima. Na hayo maganda si takataka: mafuta yake hutumika katika kutengeneza breki za magari na rangi. Kwa hiyo mkulima hulipia safari ya maganda, huyapoteza mafuta, na juu ya hayo vijana wake huikosa kazi ya kubangua. Kisha korosho hiyohiyo huuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la nchi iliyoibangua.

Mbele ya ukweli huu wako watu wa aina tatu wanaopotosha mambo, na kila aina inastahili kujibiwa.

Wa kwanza ni wale wenye kasumba ya kuamini kwamba heri yote hutoka Kaskazini. Kwao, maskini kushirikiana na maskini ni sawa na vipofu wawili kushikana mikono. Hao wameisahau historia ya nchi yao wenyewe. Mabeberu na Benki ya Dunia walipokataa kuijenga reli ya kuiokoa Zambia kutoka katika makucha ya walowezi wa Rhodesia, ni China, nayo ikiwa nchi maskini wakati ule, iliyotoa mkopo usio na riba na mafundi wa kuijenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860, kati ya mwaka 1970 na 1975. Makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini bado yako katika ardhi ya Tanzania. Katika mkoa huuhuu wa Lindi, wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, na miongoni mwa wakufunzi wao walikuwamo Wachina. Wananchi wa Lindi, ambao hawakuwa na cha ziada, waliishi na wageni hao mpaka Msumbiji ikawa huru mwaka 1975. Na yeyote anayekumbuka pantoni ya Ndundu, na jinsi mikoa ya Kusini ilivyokuwa ikikatika na nchi nyakati za masika, anajua thamani ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Mfuko wa maendeleo wa Kuwait ulikuwa miongoni mwa waliolichangia. Basi ushirikiano wa Kusini si ndoto. Umekwisha kupitiwa na magari na treni.

Wa pili ni wale wanaoamini kwamba kila kitokacho Kusini ni undugu. Kwao, mradi mnunuzi si Mzungu, biashara ni safi. Hao nao waende Kilwa Kisiwani wakajifunze. Magofu yale ni ushahidi kwamba watu wa pwani hii walifanya biashara na mabara mengine kabla Mreno hajaijua njia: vyombo vya kauri vya China vilifika Kilwa, dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa, na Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331. Ni fahari ya haki. Lakini mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya kuwapeleka watu wa bara Unguja na ng'ambo. Bahari ilikuwa ileile, majahazi yaleyale, na mara nyingi mnunuzi hakuwa Mzungu. Waliokuwa wakipata ni wakubwa wachache wa pwani. Waliokuwa wakipotea ni watu wa bara, wa njia hizohizo zinazopitisha leo magunia ya korosho na ufuta. Historia hiyo inafundisha kwamba kuvuka bahari hakuigeuzi biashara kuwa ushirikiano. Kinachoigeuza ni masharti yake: nani anashika mizani, nani anapanga bei, na nani anabaki na ujuzi.

Wa tatu, ambao ni hatari zaidi kwa sababu maneno yao ni matamu masikioni, ni wale wanaomnyooshea kidole Mhindi na Mvietnamu na kusema hao ndio maadui. Huo ni uvivu wa fikra. Katika mji wa Kollam kazi ya kubangua korosho imefanywa kwa miongo mingi na akina mama maskini, ambao utomvu wa maganda huwaunguza vidole. Katika miaka ya 2010 mamia ya viwanda vya huko vilifungwa kwa sababu ya ughali wa korosho ghafi na ushindani wa mashine za Vietnam, na akina mama hao wakarudishwa nyumbani. Je, mwanamke huyo ndiye mnyonyaji wa mkulima wa Mitole? La hasha! Wote wawili wamewekwa katika mbio ambazo mshindi wake hakimbii. Bei ya mkulima ikipanda, mama wa Kollam hutishiwa kufukuzwa kazi. Ujira wa mama ukipanda, mkulima huambiwa soko limeanguka. Siasa yoyote inayomgombanisha maskini wa Lindi na maskini wa Kerala inamfanyia kazi bwana mwingine.

Atakaye kujua bwana huyo hufanya kazi namna gani na autazame mfano wa Msumbiji. Nchi hiyo, jirani na ndugu wa damu wa mikoa ya Kusini, ilikuwa na viwanda vyake vya kubangua. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliishurutisha ilegeze ushuru uliokuwa ukizuia korosho ghafi isikimbizwe nje, kwa hoja kwamba soko huria lingempa mkulima bei nzuri. Viwanda vingi vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, na mkulima hakuyaona mapato makubwa aliyoahidiwa. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji likaupandisha tena ushuru huo kwa sheria, na baadaye viwanda vidogo vikaanza kufufuka katika mkoa wa Nampula. Nchi mbili maskini, India na Msumbiji, zilikuwa zimegombanishwa juu ya korosho moja na mshauri ambaye halimi wala habangui.

Hata hivyo, kuwalaumu wengine bila kujitazama ni unafiki, na gazeti la Chama halina ruhusa ya kuwa na unafiki. Tanzania nayo iliwahi kuwa na viwanda 12 vya kubangua korosho, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, vilivyojengwa kwa mikopo na kwa mitambo mikubwa ya Italia na Japani. Lakini wakati viwanda hivyo vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zinakwisha. Mavuno ya mwaka 1973/1974 yalifika tani 145,000 hivi. Mwaka 1986/1987 hayakuzidi tani 20,000. Kuhamishiwa vijijini kuliwaweka wakulima mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaimaliza mikorosho iliyobaki. Mitambo ikasimama, vipuri vikakosekana, na majengo mengine yakageuzwa maghala. Kosa halikuwa kutaka kujitegemea. Kosa lilikuwa kuutafuta uwezo wa kujitegemea kwa mtambo ambao fundi wa Lindi hakuweza kuufungua wala kuufunga.

Vietnam ilishika njia nyingine. Ilitoka vitani mwaka 1975 ikiwa imeharibiwa vibaya. Haikuanza na mitambo mikubwa. Ilianza na mashine ndogo za mkono na za mguu. Mafundi wake wakazifungua, wakazinakili, wakazirekebisha mwaka hata mwaka, mpaka wakatengeneza mashine zao wenyewe ambazo leo wanaziuza hata Afrika. Mwaka 2006 nchi hiyo iliipita India katika kuuza korosho zilizobanguliwa duniani, ingawa korosho inazolima hazitoshi viwanda vyake na sehemu kubwa huzinunua Afrika na Cambodia. Kwa maneno mengine, Vietnam inatajirika kwa ujuzi, na malighafi inayolishwa ujuzi huo ni ya mkulima wa Afrika. Hili si jambo la kuonewa wivu, ila ni somo, na mwenye somo lenyewe ni nchi rafiki ambayo ina uhusiano wa kibalozi na Tanzania tangu mwaka 1965.

Basi ni nini kifanyike? Jambo la kwanza ni kuushusha ushirikiano kutoka ikulu na mabalozi hadi mikoani. Mikataba ya mataifa ni ya lazima, lakini korosho haibanguliwi na mataifa. Inabanguliwa katika mikoa na wilaya. Mkoa wa Lindi na mkoa wa Mtwara hauna sababu ya kutokuwa na makubaliano ya moja kwa moja na jimbo la Kerala na mikoa ya Vietnam inayobangua. Makubaliano hayo yataje mambo yanayohesabika: mafundi wangapi watakuja, mashine zipi zitaletwa pamoja na michoro yake, vijana wangapi watafunzwa, na kwa kila shehena ya korosho ghafi inayonunuliwa, kiasi gani kitabanguliwa hapahapa. Mnunuzi anayetaka malighafi kwa miaka 10 ijayo awe tayari kuacha ujuzi kwa miaka 10 hiyo. Huko ndiko kupeana. Oktoba 2023 Tanzania na India zilitangaza kuupandisha uhusiano wao kuwa wa kimkakati, na mwaka huohuo chuo cha teknolojia cha IIT Madras kikafungua tawi Zanzibar, la kwanza nje ya India. Kama hisabati ya juu imeweza kuvuka bahari kutoka Chennai hadi Unguja, ubanguaji wa korosho utashindwaje kuvuka kutoka Kollam hadi Lindi?

Jambo la pili ni kuanza na kidogo kinachowezekana. SIDO ipo, Chuo cha VETA Lindi kipo, vyama vya msingi vya ushirika vipo hadi vijijini. Kiwanda kidogo kinachoendeshwa na chama cha msingi, chenye mashine ambazo fundi wa Nangurukuru anaweza kuzichongea kipuri, kina faida kuliko jumba kubwa linalosubiri vipuri kutoka ng'ambo. Wenye kejeli watasema wanunuzi wa korosho ghafi watakasirika waende kwingine. Waende wapi? Korosho ya Kusini mwa Tanzania huvunwa kuanzia Oktoba, wakati mavuno ya India, Vietnam na Afrika ya Magharibi, ambayo huanza kati ya Februari na Machi, yamekwisha kuingia maghalani. Viwanda vya Asia vinaihitaji korosho hii ili mashine zisilale. Hiyo ni nguvu ya kujadiliana, lakini nguvu isiyojulikana na mwenyewe haimsaidii. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei zilizokataliwa na wakulima, Serikali ililazimika kuingia yenyewe na kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuusomba mzigo. Uamuzi ule ulionyesha ujasiri; ulionyesha pia kwamba nchi isiyo na viwanda vya kutosha vya kubangua, mnunuzi akikunja mikono, inabaki na ghala lililojaa na njia chache.

Jambo la tatu ni umoja wa wanaolima. Zaidi ya nusu ya korosho ghafi ya dunia hutoka Afrika, na Cote d'Ivoire peke yake sasa ndiyo inayoongoza duniani kwa kuilima. Baraza la kimataifa la nchi za korosho liliundwa mwaka 2016, na makao yake yako Abidjan. Mwaka 1979, nchi zinazoendelea zilipokutana Arusha, Mwalimu Nyerere alizitaka zifanye kazi kama chama cha wafanyakazi cha maskini. Na Tume ya Kusini aliyoiongoza ilirudia wito huo katika ripoti yake ya mwaka 1990. Mfanyakazi mmoja akigoma hufukuzwa. Wakigoma wote, mwenye kiwanda huita kikao. Mkulima wa Mitole, wa Nampula na wa Cote d'Ivoire wakiuza kila mmoja kwa kificho cha mwenzake, watapangiwa bei hadi kiama.

Jambo la nne ni kutoa pamoja na kupokea. Tanzania si ombaomba katika jambo hili. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimepambana na ubwiriunga na kuzalisha mbegu bora za mikorosho, na wataalamu wa nchi nyingine za Afrika wamekwenda kujifunza hapo. Brazil kwa upande wake ina kituo cha utafiti Fortaleza kilichozalisha mikorosho mifupi inayozaa mapema, na inayasindika mabibo kuwa vinywaji vya viwandani, wakati mabibo ya Kilwa mengi huoza chini ya miti, na yanayookotwa huishia kuwa uraka. Naliendele na Fortaleza zikibadilishana mbegu na maarifa, hakuna atakayemnyonya mwenzake.

Mambo haya hayatafanywa na hotuba. Yatafanywa na watumishi na walimu, na hapa ndipo penye lawama. Yako maofisi ambamo afisa anajua posho ya safari ya semina kuliko anavyojua korosho ya wilaya yake inabanguliwa wapi. Wako watumishi wanaoufumbia macho ununuzi wa kangomba, mkulima akipokonywa jasho lake kwa bakuli kabla msimu haujafunguliwa, halafu wao wenyewe wakapanda jukwaani kulaani ubeberu wa ng'ambo. Mtu hawezi kudai mizani ya haki Ho Chi Minh wakati ameiacha mizani ya kijijini ichezewe. Afisa ushirika wa Kilwa anapaswa kuusoma mkataba wa ununuzi neno kwa neno na kumweleza mkulima maana yake. Chama Kikuu cha Ushirika cha Lindi Mwambao kinapaswa kuwa na mtu anayefuatilia kila juma bei ya korosho iliyobanguliwa katika masoko ya Asia, ili siku ya mnada mkulima asiwe kama mtu anayeuza ng'ombe gizani.

Na mwalimu? Mwalimu ana kazi kubwa kuliko wote. Mtoto wa Mitole anafundishwa kuutaja mji mkuu wa Uingereza, lakini hafundishwi njia inayopitwa na gunia la baba yake. Ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani ichorwe mstari kutoka Mitole hadi bandari ya Mtwara, kutoka Mtwara hadi Kollam na Bình Phước, na kutoka huko hadi kwa mlaji wa Ulaya. Kisha darasa la hesabu likokotoe tani nne zinazogeuka kuwa moja. Mtoto atakayeielewa hesabu hiyo akiwa na miaka 12 hatadanganywa kwa urahisi akiwa na miaka 30, awe mkulima, fundi, au mjumbe aliyeketi mezani kujadiliana na wanunuzi.

Ushirikiano wa nchi za Kusini ulianza kama silaha ya wanyonge. Umesaidia kuivunja minyororo ya ukoloni, umejenga reli, umejenga daraja. Usiachwe ugeuke kuwa jina zuri la biashara ileile ya kuchukua malighafi na kuacha vumbi. Mkoa wa Lindi hauhitaji kuhurumiwa na Asia wala Amerika ya Kusini, na hauna sababu ya kuzichukia. Unahitaji mikataba yenye ufundi ndani yake, viwanda ambavyo watu wake wanaviweza, na watumishi wanaoijua bei. Siku ambayo gunia linalotoka Mitole litapakiwa melini likiwa na viini tu, na maganda yakabaki Lindi kukamuliwa mafuta, ndipo wajumbe wa mikutano ya Septemba watakuwa na jambo la kusherehekea.